Safisha Mtutu, Usilete Sumu Nyumbani

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya bunduki. Huenda ukashangaa. Utauliza: bunduki na afya wapi na wapi? Mbona mganga ameacha malaria na minyoo, akashika bunduki? Soma taratibu hadi mwisho. Utaona kwamba jambo hili linaihusu nyumba yako, na hasa watoto wako wadogo.

Katika vijiji vyetu wapo watu wenye bunduki za marisau, ambazo wengine huziita shotigani. Nyingine ni za watu binafsi wenye leseni. Nyingine ni za walinzi wa wanyamapori. Hutumika kufukuza nyani, ngedere na nguruwe mwitu wanaokula mahindi na mihogo. Mwenye bunduki ya halali na kibali cha kuitumia hana kosa. Lakini bunduki ikitumika huchafuka, na ikichafuka ni lazima isafishwe. Katika kuisafisha ndimo ilimo hatari ambayo wengi wetu hatuijui. Hatari hiyo haina mlio kama baruti. Huingia kimya kimya.

RISASI NI NINI?

Neno risasi lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kile kitu kinachotoka katika bunduki na kuua. Maana ya pili ni jina la madini. Madini ya risasi ni mazito, ni laini, na rangi yake ni ya kijivu. Ukiyakwaruza kwa kisu hung'aa, kisha baada ya muda hufifia. Marisau mengi, yaani zile punje ndogo ndogo za bunduki, hutengenezwa kwa madini hayo.

Sasa shika neno hili: risasi huua kwa njia mbili. Inaua ikitoka ndani ya bunduki. Na ikiingia tumboni au mapafuni kidogo kidogo, ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama.

INABAKIJE NDANI YA MTUTU?

Mtutu ni bomba la chuma. Chuma ni kigumu, risasi ni laini. Unapofyatua bunduki, marisau hupita kwa nguvu na kwa joto ndani ya bomba hilo. Yakigusa chuma, sehemu yake hukwanguka na kubaki ukutani. Ni kama chaki inavyobaki ubaoni mwalimu anapoandika.

Utando huo wa risasi hupatikana zaidi mahali pawili. Kwanza, mbele kidogo ya chemba, yaani mbele ya pale ganda la risasi linapokaa. Pili, karibu na mdomo wa mtutu, kwa kuwa bunduki nyingi hubanwa kidogo mahali hapo. Fungua bunduki isiyo na risasi, uangalie ndani kuelekea penye mwanga. Ukiona mistari ya kijivu isiyong'aa, huo ndio utando.

Risasi nyingi za siku hizi zina kikombe cha plastiki ndani ya ganda. Kikombe hicho hubeba marisau yasiguse chuma. Bunduki inayotumia risasi za namna hiyo huwa na utando mdogo zaidi. Lakini usidhani kwamba haina sumu. Nyuma ya ganda kuna kifungo kidogo kiitwacho fataki, ambacho hugongwa ili kuwasha baruti. Fataki nyingi nazo zina risasi ndani ya dawa yake. Kwa hiyo hata masizi meusi ya mtutu yana sumu, na moshi wa bunduki una sumu.

Je, utando huu una madhara kwa bunduki yenyewe? Ndiyo. Unyevu hujificha chini yake na kutu hula chuma bila mwenyewe kuona. Kwa hiyo kusafisha ni lazima. Hatukuambii uache kusafisha. Tunakuambia usafishe vizuri, bila kumwaga sumu mahali unapoishi.

SUMU INAINGIAJE MWILINI?

Tuchukue mfano. Baba ametoka shambani jioni baada ya kufukuza nyani. Ameketi barazani. Anasugua mtutu kwa burashi, kisha anapitisha matambara. Matambara yanatoka meusi, na vumbi la kijivu linaangukia sakafuni. Anayatupa matambara pembeni. Anapuliza ndani ya mtutu kwa mdomo ili vumbi litoke. Mara anaitwa kula. Anajifuta mikono kwenye suruali, anamega ugali.

Mtoto wa miaka miwili anatambaa pale pale barazani. Anaokota tambara jeusi, analichezea, kisha anatia vidole mdomoni. Asubuhi mama anafagia baraza, vumbi linaruka, naye analivuta. Baadaye anafua suruali ile pamoja na nguo za mtoto.

Tazama. Bunduki moja imesafishwa, na watu watatu wamepata sumu. Hakuna aliyesikia uchungu wala harufu mbaya. Vumbi la risasi halichomi wala haliwashi. Ndiyo maana watu hawalijali.

Jambo hili limeonekana kwingine. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara huko Nigeria, mamia ya watoto wadogo walikufa. Baba zao hawakuwa wakisafisha bunduki. Walikuwa wakichimba dhahabu. Mawe yenye dhahabu yalikuwa pia na risasi nyingi. Waliyasaga vijijini, penye makazi, na vumbi likaenea katika nyumba na nyua. Kiasi cha vumbi kule kilikuwa kikubwa kuliko cha mtutu wa bunduki. Lakini njia ni ile ile: kazi ya baba ililetwa nyumbani, na watoto wakaila.

INAFANYA NINI NDANI YA MWILI?

Risasi ikiingia mwilini, sehemu hutoka kwa mkojo na choo. Sehemu nyingine huenda kwenye mifupa na meno, ikakaa huko miaka mingi. Haba na haba hujaza kibaba. Leo vumbi kidogo, kesho kidogo, na mwili unajaza ghala lake.

Mtoto mdogo huumia zaidi kuliko mtu mzima. Sababu ni tatu. Kwanza, hutia kila kitu mdomoni. Pili, kwa kiasi kile kile cha risasi kilichomezwa, tumbo la mtoto mdogo linaweza kunyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya tumbo la mtu mzima. Tatu, ubongo wake bado unakua. Risasi huharibu ubongo unaokua. Mtoto anaweza kuchelewa kujifunza, kushindwa kutulia darasani, au kuwa mkali bila sababu. Wazazi watasema ni mtukutu, na mwalimu atasema ni mzito wa kuelewa. Kumbe ni sumu. Akipata nyingi huweza kushikwa na degedege, kupoteza fahamu na kufa.

Mama mjamzito naye yuko katika hatari. Risasi iliyolala katika mifupa yake tangu zamani hutoka wakati wa mimba ikamfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, au akiwa na uzito mdogo.

Mtu mzima huweza kuumwa tumbo kwa kusokota, kukosa choo, kuumwa kichwa, kuchoka na kupungukiwa damu. Risasi pia hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo.

JINSI YA KUSAFISHA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine. Ukipenda, kata kipande hiki cha gazeti ukihifadhi.

1. Hakikisha bunduki haina risasi. Elekeza mdomo wake mahali pasipo mtu. Ifungue, toa ganda, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Weka risasi zote mbali. Usiseme, "Najua haina kitu." Wengi waliouawa na bunduki wakati wa usafi waliuawa na bunduki "isiyo na kitu".

2. Chagua mahali. Kaa nje penye hewa, mbali na jiko, mbali na kisima, mbali na watoto wanapochezea. Usifanyie kazi hii jikoni, chumbani wala barazani.

3. Tandika gazeti kuukuu chini. Gazeti hilo lisije likafungiwa maandazi au samaki baadaye.

4. Vaa nguo kuukuu za kazi hiyo. Vaa glavu za mpira kama unazo. Usile, usinywe wala usivute sigara hadi umalize na kunawa.

5. Kama bunduki yako inatenguliwa, tengua mtutu. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya bunduki ya kusafishia, ukipitishe ndani kwa fimbo. Kama huna mafuta hayo, tumia mafuta ya taa, lakini uwe mbali kabisa na moto. Usitumie petroli. Uache mtutu kwa muda wa robo saa ili uchafu ulainike.

6. Chukua burashi ya shaba inayoenea mtutu wako. Shaba ni ngumu kuliko risasi, lakini ni laini kuliko chuma. Kwa hiyo inang'oa utando bila kukwaruza mtutu. Ingiza burashi kutoka upande wa chemba, isukume hadi itokeze mdomoni, kisha uirudishe. Weka mdomo wa mtutu ndani ya kopo lenye kitambaa kilicholowa. Burashi inapotokeza hurusha chembe, na kitambaa kile kitazinasa.

7. Kama mistari ya kijivu bado ipo, zungushia burashi nyuzi laini za shaba, kama zile zilizo ndani ya waya mwembamba wa umeme uliokwisha kutupwa. Paka mafuta, sugua tena pale penye utando. Usitumie stiliwaya ngumu ya kusugulia masufuria, wala mchanga, wala msasa. Hivyo hukwaruza chuma, na mikwaruzo hushika risasi nyingi zaidi.

8. Pitisha vitambaa, kimoja baada ya kingine, hadi kitokacho kiwe safi. Ufanye kazi hii kwa utulivu. Utando wa siku nyingi hauondoki kwa dakika tano. Rudia mafuta na burashi kama inahitajika.

9. Maliza kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki au ya cherehani, ili kutu isiingie. Kabla ya kufyatua tena, angalia ndani ya mtutu. Tambara lililosahauliwa, tope au kiota cha nyigu kinaweza kuupasua mtutu na kukukata mkono.

10. Kunja gazeti pamoja na matambara yote machafu. Yatie katika kopo lenye kifuniko, kisha uyafukie katika shimo refu la takataka lililo mbali na kisima na bustani. Usiyachome jikoni. Moto hauiui risasi. Huitawanya kwa moshi na majivu.

11. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji mengi. Sugua chini ya kucha. Badilisha nguo. Nguo hizo zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe penye mboga.

12. Kama vumbi limeanguka sakafuni, usifagie kukavu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji na sabuni.

MAMBO MATANO YA KUEPUKA

Usipulize ndani ya mtutu kwa mdomo. Unavuta sumu, tena mtutu haupaswi kuwa mbele ya uso wa mtu.

Usimimine zebaki ndani ya mtutu. Zebaki ni yale madini ya majimaji yanayong'aa, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Geita na Chunya, huyatumia kukamata dhahabu. Ni kweli zebaki hushika risasi pia, na watu wa zamani waliitumia hivyo. Lakini mvuke wake huharibu ubongo na figo. Huwezi kuondoa sumu moja kwa kuleta nyingine.

Usitumie siki iliyochanganywa na dawa ya povu ya kuoshea vidonda. Wapo wanaosifu mchanganyiko huo kwa kuwa unaondoa utando haraka. Haraka hiyo ina gharama. Risasi inageuka kuwa chumvi inayoyeyuka majini. Chumvi hiyo ikiingia mwilini ni sumu kali zaidi kuliko utando ule uliokuwa umeganda.

Usishike marisau kinywani unapojaza bunduki, wala usiwape watoto wayachezee. Punje iliyomezwa hukutana na asidi ya tumbo na kuanza kuyeyuka.

Usiyeyushe risasi nyumbani. Wapo wanaoyeyusha betri mbovu za magari ili wapate chubwi za nyavu au vidonge vya magobore. Hiyo ni hatari kubwa kupita yote tuliyoyataja. Moshi na vumbi lake huenea katika ua mzima na kubaki katika udongo kwa miaka mingi.

NA NYAMA JE?

Ukipata kanga au nguruwe mwitu kwa kibali, nyama yake isipikwe hivi hivi. Kata na utupe sehemu iliyozunguka jeraha. Tafuta punje kwa vidole, uzitoe zote. Usiiloweke katika siki wala ndimu kabla ya kutoa punje, maana vitu vichachu huyeyusha risasi. Mama wajawazito na watoto wadogo ni bora wasile nyama hiyo.

UTANIULIZA

"Mganga, mimi nina bunduki hii miaka ishirini, sijaugua hata siku moja."

Mzee wangu, huenda ni kweli. Mtu mzima hustahimili zaidi. Lakini swali langu si juu yako peke yako. Ni juu ya mjukuu anayetambaa pale unaposafishia. Tena shinikizo la damu halipigi hodi. Huenda unalo, wala hujui.

"Je, tukinywa maziwa, sumu haitatoka?"

Maziwa ni chakula kizuri. Mtoto anayepata maziwa, dagaa, maharage na mboga za majani huwa na madini ya kutosha mwilini, na tumbo lake hunyonya risasi kidogo zaidi. Mtoto mwenye njaa hunyonya nyingi. Kwa hiyo mlishe vizuri. Lakini maziwa si dawa ya kutoa risasi iliyokwisha kuingia. Usimnyweshe mtoto maziwa ukadhani umemaliza kazi.

"Je, hospitali hakuna dawa?"

Katika hospitali kubwa zipo dawa za kutoa risasi mwilini kwa mtu aliyepata nyingi. Lakini ubongo uliokwisha kuharibika haurudishwi na dawa hizo. Ndiyo maana tunasisitiza kinga.

UKIONA DALILI

Tumbo la kusokota, uchovu na upungufu wa damu ni dalili za magonjwa mengi. Malaria huleta upungufu wa damu. Minyoo pia huleta. Mganga wako hawezi kukisia kwamba nyumbani kuna bunduki. Kwa hiyo mwambie. Sema: "Nyumbani tuna bunduki ya marisau, nami huisafisha mwenyewe," au "Mume wangu huyeyusha risasi." Usiogope. Mganga hakuulizi ili akushitaki, anakuuliza ili akutibu.

Kama mtoto amemeza punje ya marisau, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo, hata kama anacheza. Akishikwa na degedege, usingoje wala usimpe kitu mdomoni. Mpeleke mara moja. Kujua risasi iliyo mwilini kunahitaji kupima damu katika maabara kubwa. Zahanati haina kipimo hicho, lakini inaweza kukuandikia barua ya kwenda hospitali.

Ndugu msomaji, tukizitazama hatua zile kumi na mbili, nyingi hazihitaji fedha. Kuhama kutoka barazani hadi nje ya ua ni bure. Kunawa mikono kunahitaji kipande cha sabuni. Kubadilisha nguo kabla ya kumpakata mtoto ni bure. Umenunua au umepewa bunduki ili nyani wasile chakula cha watoto wako. Isiwe yenyewe ndiyo inayowala watoto.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Neno risasi lina maana ngapi? Zitaje.
2. Taja njia tatu ambazo risasi huingia mwilini wakati wa kusafisha bunduki.
3. Kwa nini mtoto mdogo huumia zaidi kuliko mtu mzima?
4. Kwa nini tunatumia burashi ya shaba, wala si mchanga?
5. Katika kijiji chenu, bunduki husafishwa wapi? Mnaweza kukubaliana mahali pamoja palipo salama? Nani atawaeleza wenye bunduki ambao hawajui kusoma?